Takbira Tumepiga, Mwalimu Yuko Wapi?

 

Ndugu zangu Waislamu wa Nyanda za Juu Kusini, nyinyi wa Mwanjelwa na Uyole, wa Tukuyu na Kyela, wa Kihesa, Ipogolo na Mafinga, leo sikuja na maneno matamu. Nina huzuni juu ya jambo ambalo sote tunalijua na sote tunalinyamazia. Mtu anasilimu Ijumaa mbele yetu. Msikiti mzima unatikisika kwa takbira. Tunamkumbatia, tunamvisha kofia, vijana wanampiga picha na kuzirusha kwenye makundi ya simu. Ijumaa ya pili anakaa peke yake nyuma, karibu na viatu. Ijumaa ya tatu haonekani, na hakuna anayeuliza. Baada ya hapo hata jina lake hatulikumbuki. Tunachokumbuka ni idadi, na tunajisifu nayo: mwaka huu Mungu ametupa wengi!

Nani amemfundisha? Hilo ndilo swali langu, na nitalirudia mpaka lituchome.

Someni Suratu Abasa. Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitaraji wasilimu. Akaja Abdallah bin Ummi Maktum, kipofu, mtu aliyekwisha kuamini, anataka kufundishwa. Mtume akakunja uso. Wahyi ukashuka kumkosoa, na aya hizo tunazisoma hadi leo. Mtume alikuwa katika kazi ya kulingania dini, si katika mchezo, na bado Mola wake alimkosoa kwa ajili ya muumini mmoja aliyekuja kutafuta elimu. Sisi tunapowapa kisogo waliokuja kwetu, huwa tuko katika shughuli gani? Mtume baada ya hapo alimtukuza Ibn Ummi Maktum, akawa mwadhini wa Madina pamoja na Bilal. Sisi wetu tumewafanya nini?

Nitawasimulia jambo, na kijiji sikitaji. Fundi seremala mmoja alisilimu katika msikiti wa mji jirani, akarudi kuishi kwao mlimani, kwenye ukoo ambao wote ni watu wa kanisa. Alipigiwa takbira kama wenzake. Hakuna aliyepanda mlima kumtazama. Aliugua, akalazwa, akarudishwa nyumbani, akafa. Habari ilipofika mjini, ndipo tulipokumbuka kwamba yule ni wetu. Tulikodi gari, tukapanda na sanda na jeneza la msikiti, tukakuta wazee wa ukoo wameshamwita mchungaji na kaburi limeshachimbwa. Ugomvi ukazuka juu ya maiti. Vijana wetu wakapaza sauti kudai haki ya Waislamu. Mwenyekiti wa kijiji akaitwa.

Mama mzazi wa marehemu akatoka ndani, akatuuliza: alipokuwa hospitali, mlikuwa wapi? Aliposhindwa kulipa kodi ya banda la useremala, mlikuwa wapi? Jina mlilompa huko kwenu, nani aliwahi kuja kuliita hapa kwangu? Hakuna aliyemjibu. Kisha mdogo wake marehemu akatuletea karatasi aliyoikuta chini ya godoro. Ilikuwa Suratul Fatiha, imeandikwa kwa kalamu ya useremala, kwa herufi hizi hizi za Kiswahili, na imejaa makosa. Ilikuwa imefika nusu. Mtu yule alikuwa akijifundisha peke yake, na nusu ya pili hakuipata kwa mtu.

Mwenyekiti aliamua ukoo umzike, na ukoo ukamzika. Sisi tulirudi na jeneza tupu, na ndani ya gari wengine waliendelea kuwatukana wale wazee. Mimi nasema wale wazee hawakutudhulumu kitu. Ni kweli kwamba kumwosha, kumkafini, kumswalia na kumzika Mwislamu ni faradhi ya kifaya juu yetu. Lakini kumfundisha akiwa hai haikuwa faradhi? Tulimtaka maiti wake, na yeye mwenyewe hatukumtaka.

Mnakumbuka mwaka 2013. Ugomvi wa nani achinje ulianzia kule Geita, ukafika kwetu, Tunduma nako kukachafuka. Siku zile kila mmoja wetu alikuwa na ghera ya dini, na mtu asiyejua nguzo za udhu alikuwa tayari kupigana kwa ajili ya kisu. Tangu miaka ya 1980 mihadhara ya mlingano wa dini imetupa ari, vijana wakashika Biblia na Kurani viwanjani, na wengi wakasilimu papo hapo. Siilaumu mihadhara. Ninalaumu kwamba tunajua kushinda mjadala wa jioni, na kesho yake asubuhi hatujui kufungua darasa.

Kwani ni mambo gani hayo makubwa yanayotushinda kufundisha? Jibrili alimjia Mtume kwa sura ya mtu, akauliza, akajibiwa, na dini nzima ikafunguka katika kikao kimoja. Uislamu ni kushuhudia kwamba hapana mola apasaye kuabudiwa kwa haki ila Allah na kwamba Muhammad ni Mtume wake, kusimamisha sala, kutoa zaka, kufunga Ramadhani na kuhiji kwa mwenye uwezo. Imani ni kumwamini Allah, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kadari, heri yake na shari yake. Ihsani ni kumwabudu Allah kama unamwona, na ikiwa wewe humwoni, yeye anakuona.

Na huku kwetu, ambako wamisionari wa Moravian walijenga Rungwe tangu 1891, mtu anayesilimu mara nyingi ametoka kanisani. Anahitaji kuambiwa kwa upole kwamba hajamwacha nyuma Isa bin Maryam. Anamwamini kuwa ni mtume mtukufu aliyezaliwa na bikira, na ipo sura nzima yenye jina la mama yake. Anachokiacha ni kumfanya mungu. Tumweleze hivyo. Badala yake tunamtukania kanisa ambalo mama yake bado anasali, halafu tunashangaa akichukia.

Na kuingia katika dini hii ni kwepesi, msikuzungushie miiba. Mtu anatamka shahada mbili kwa hiari yake, anajua anachokitamka na anakikusudia. Basi, amekuwa Mwislamu. Dini haina kulazimishana, Allah amesema hivyo katika Suratul Baqara, aya ya 256. Mashahidi na barua ya kusilimu vina manufaa kwa ajili ya ndoa, mazishi na haki nyingine, lakini si sharti la kukubaliwa na Mola wake. Ataoga, kwa kuwa Mtume alimwamuru Qays bin Asim aoge aliposilimu. Madhambi yake ya nyuma yamefutwa, kama Mtume alivyomwambia Amri bin al-As kwamba Uislamu hubomoa yaliyokuwa kabla yake. Kuanzia sala inayofuata, naye anaswali. Hapo ndipo kazi ya msikiti inapoanza, na hapo ndipo sisi tunapofunga mlango tukaenda kula chakula cha mchana.

Mtume alipomtuma Muadhi Yemeni, alimpangia hatua: waanze na shahada, wakikubali wajulishwe sala tano, wakikubali wajulishwe zaka. Vijana waliokuja na Malik bin al-Huwayrith walikaa naye siku 20 usiku na mchana, ndipo akawaruhusu warudi kwao wakafundishe. Siku 20 kwa Mtume mwenyewe! Sisi tunampa mtu nusu saa baada ya Ijumaa, tena nusu ya hiyo ni picha.

Na mara ngapi ni bora hata tungenyamaza. Mzee amesilimu, kijana wa kidato cha nne anamwambia jina lako la ukoo ni la kikafiri, tupa. Nani aliyekufundisha hivyo, mwanangu? Allah anasema katika Suratul Ahzab watu waitwe kwa baba zao. Masahaba walisilimu wakabaki na majina yao na ya baba zao, na Mtume alibadilisha yale yenye maana mbaya. Mwakipesile akisilimu anabaki Mwakipesile, na Sanga anabaki Sanga. Mwingine anamtisha mzee kwa tohara kabla hajajua Fatiha, mzee anakimbia. Mwingine amemsikia ananuka ulanzi au komoni, anamtoa msikitini kwa maneno ya kumfedhehesha. Ulevi ni haramu, hakuna anayebisha. Lakini Muawiya bin al-Hakam alizungumza katikati ya sala, watu wakamkazia macho na kupiga mapaja yao, na Mtume alipomaliza hakumkemea wala hakumkaripia, alimfundisha tu. Yule bwana akasema hajapata kuona mwalimu bora kuliko yeye. Waliosilimu kwetu wanasemaje wanapotoka mlangoni?

Kijana ana mama anayefuga nguruwe. Anauliza: niondoke nyumbani? Hakuna wa kumjibu, anajibiwa na wajinga. Asma bint Abi Bakr alijiwa na mama yake mshirikina, akamuuliza Mtume, naye akamwambia aunge udugu na mama yake. Suratu Luqman inatuamuru kukaa na wazazi kwa wema hata kama wanatushurutisha ushirikina, ila tusiwatii katika hilo. Basi nyama ile hataila, naye atamtumikia mama yake vizuri kuliko alivyomtumikia zamani. Mwambieni hivyo. Mwambieni pia kwamba Juni na Julai, baridi ya Mafinga na Uyole inapouma, anaruhusiwa kuchemsha maji ya udhu. Yupo aliyeacha sala ya alfajiri kwa sababu hakuna aliyemwambia jambo dogo kama hilo.

Sasa nizungumze na nyinyi wanaume mnaosilimisha kwa ajili ya posa. Binti anatolewa kwao Ilula au Kyela, anatamkishwa shahada Ijumaa, anaolewa Jumapili. Amevishwa shungi, amepewa jina, na mume hajawahi kumwonyesha hata namna ya kusujudu, kwa sababu yeye mwenyewe anaswali Idi mbili. Akimchoka anamwacha. Kwao wameshamkasirikia, kwetu hakuna anayemjua. Niambieni, huyo mmemwingiza katika dini au mmemtoa kwa mama yake tu? Allah amemhalalishia Mwislamu kumwoa mwanamke mwema wa Ahlul Kitab, aya ya tano ya Suratul Maida iko wazi. Basi kwa nini mnamlazimisha amdanganye Mola wake ili nyinyi mpate harusi? Na mabibi wa msikiti, mnaopika pilau la harusi hiyo kwa masufuria makubwa, nani kati yenu alimwita jikoni kwake wiki iliyofuata akamwambia, njoo mwanangu tuswali adhuhuri pamoja?

Mtasema hatuna fedha. Someni Suratut Tawba, aya ya 60. Wanaostahiki zaka wametajwa makundi manane, na mojawapo ni wanaotiwa nguvu nyoyo zao. Allah mwenyewe amewawekea fungu. Tunajenga minara, tunabadilisha mazulia ambayo hayajachakaa, tunanunua vipaza sauti, na yule aliyefukuzwa kwenye shamba la ukoo kwa sababu ya kusilimu analala kwa rafiki. Fungu lake liko wapi? Na msiseme hatuna vitabu. Tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, kwa Kiswahili chetu, ipo tangu 1969. Kisingizio cha lugha kilikwisha zamani.

Uislamu haukuja Iringa wala Mbeya kwa majeshi ya Waarabu. Uliletwa na wafanyabiashara wa misafara na watu wa pwani, na baadaye na waliofuata dhahabu ya Lupa kule Chunya, na madereva, na wafanyakazi wa reli ya TAZARA katika miaka ya 1970. Walipanga vyumba kwa wenyeji, wakala nao, wakazika nao. Mtu alisilimu kwa sababu jirani yake alikuwa Mwislamu mzuri, na jirani huyo huyo ndiye aliyemfundisha. Mkulima wa kahawa wa Mbozi anajua kwamba mche uliotoka kitaluni hauachwi juani siku aliyoupanda. Sisi tunaacha watu.

Wala msimsimbulie mtu kwamba mmemsilimisha. Hidaya ni ya Allah, na Suratul Hujurat imewakataza hata waliosilimu kumsimbulia Mtume kusilimu kwao. Sura hiyo hiyo inatuambia kwamba mtu anaweza kuwa amesilimu na imani bado haijaingia moyoni mwake. Imani inahitaji kulelewa, na mlezi aliyewekwa karibu naye ni wewe unayeswali naye safu moja.

Basi nawaomba, na naiomba kamati ya kila msikiti kuanzia Tunduma hadi Ilula. Wekeni daftari. Andikeni jina la kila anayesilimu, anapoishi, na jina la mtu mmoja, mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke, atakayemfundisha udhu, sala na Fatiha mpaka mwisho wake, na kumtembelea akiugua. Tengeni fungu lao katika zaka. Nendeni mkawasalimie wazazi wao mngali na amani, msisubiri msiba. Na wale waliopotea, anzeni kuwatafuta wiki hii, muwaombe radhi.

Ewe Mola, usituulize kesho juu ya watu hawa hali ya kuwa hatuna jibu. Na wewe uliyesoma hadi hapa, yupo mmoja unayemjua. Mfuate leo kabla ya Magharibi.