Rafu Isiyo na Mbao

Waliotumia kompyuta ya Macintosh katika miaka yake ya mwanzo, baada ya kutolewa mwaka 1984, walikutana na jambo la kutia hofu. Njia ya mkato ya kuitoa disketi ndani ya mashine ilikuwa kuivuta picha yake kwa kipanya na kuitumbukiza katika pipa la taka. Pipa hilohilo ndilo lililofuta mafaili. Mtu aliyekwisha kufundishwa kwamba kinachotupwa pipani hupotea alitakiwa sasa atupe humo kazi yake ya wiki nzima, kwa imani kwamba safari hii haitapotea. Wengi walisita, na walikuwa na haki ya kusita. Katika mfumo wa Mac OS X uliotoka mwaka 2001, pipa hatimaye lilifanywa ligeuke kuwa alama ya kutoa diski pindi diski inapovutwa kulielekea. Miaka mingi ilikuwa imepita kabla ya kusikilizwa kwa hofu ambayo mtoto angeieleza kwa sentensi moja.

Kisa hicho kinafaa kutangulia, kwa sababu mjadala kuhusu violesura vya programu, kama vifanane na vitu halisi au visifanane navyo, kwa kawaida huendeshwa kama mjadala wa ladha. Kuna wanaopenda ngozi, mbao na karatasi za bandia, na kuna wanaoziona kuwa mapambo ya kizamani. Aliyesita kuitupa disketi yake hakuwa na neno juu ya ladha. Alitaka kujua kama picha itatimiza kile inachoahidi, na hilo ni swali la kimaadili.

Kurithisha umbo la kitu cha zamani kwa kitu kipya hakukuanza na kompyuta. Mwaka 1889 Mwingereza Henry Colley March aliunda istilahi ya kuliita pambo la namna hiyo, akiunganisha neno la Kigiriki la chombo na lile la umbo. Kwa Kiswahili tuseme ni umbo la kurithi. Karne nyingi kabla yake, Vitruvius wa Roma alikwisha kueleza kwamba baadhi ya mapambo ya mawe katika mahekalu ya Kigiriki ni kumbukumbu ya ncha za boriti za mbao. Na yeyote aliyepita katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, ameiona misumari mikubwa ya shaba katika milango ya nakshi, ambayo husimuliwa kwamba asili yake ni miiba iliyotiwa katika milango ya Bara Hindi ili kuwazuia tembo wa vita. Unguja haikuwa na tembo wa kuvunja milango. Msumari ulibaki kwa ajili ya hadhi ya mwenye nyumba, wala haukumdanganya mgeni yeyote, kwani hapakuwa na aliyeutegemea umkinge. Umbo lisilotegemewa na mtu huwa pambo tu, na pambo halimdhulumu mtu.

Katika kompyuta, umbo liliigwa ili litegemewe. Xerox ilipotoa mashine yake ya Star mwaka 1981, kwa bei ipatayo dola 16,000, iliwalenga wafanyakazi wa ofisi wasiokuwa mafundi. Skrini iliwaonyesha karatasi, majalada, droo za mafaili, kikapu cha barua zinazoingia na mashine ya kuchapa. Anayelijua jalada la karatasi, ilifikiriwa, hahitaji kufundishwa upya. Apple ikaifuata njia hiyo, kisha dunia nzima. Mwaka 1995 Microsoft ilifika mbali zaidi kwa programu iliyoitwa Bob, ambamo kazi zote zilipangwa katika vyumba vya nyumba iliyochorwa, haikudumu. Kilele kilikuwa kati ya mwaka 2010 na 2012, pale simu na kompyuta za Apple zilipojaa rafu za mbao za vitabu, kalenda ya ngozi iliyoshonwa kwa uzi, na meza ya michezo yenye kitambaa cha kijani kama ya kamari. Oktoba 2012 ilitangazwa kwamba Scott Forstall, msimamizi wa programu za iPhone, angeondoka katika kampuni; mwaka uliofuata Jony Ive akaleta iOS 7, yenye rangi bapa na mistari myembamba. Microsoft ilikuwa imetangulia kwa simu zake za mwaka 2010. Ngozi na mbao zikafutika.

Hoja kuu ya watetezi wa uigaji ni kwamba mgeni huhitaji kuanzia kwenye kitu anachokijua. Hoja hiyo ina ukweli, ila imetiwa chumvi. Mwaka 2007, mwaka uleule iPhone ilipoanza kuuzwa Marekani, Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya. Kiolesura chake kilikuwa orodha ya maandishi iliyotoka katika laini ya simu: tuma pesa, toa pesa, na kadhalika. Hapakuwa na picha ya pochi, ya noti, wala ya jengo la benki. Mamilioni ya watu, wengi wao hawajapata kuwa na akaunti ya benki, walijifunza kuitumia katika simu za bei nafuu zenye skrini ndogo.

Orodha ile ilitaja vitendo badala ya vitu. Pochi ya kuchorwa humlazimu mtumiaji kukisia ni sifa zipi za pochi zilizomo ndani yake na zipi zilizoachwa nje. Neno "tuma" halina fumbo kama hilo. Zaidi ya hayo, kitu halisi hakikuigwa kwa sababu kilikuwapo. Wakala alikuwa dukani, daftari la kutia sahihi lilikuwa mezani, noti zilihesabiwa mbele ya macho, na ujumbe mfupi uliingia katika simu ya mtumaji na ya mpokeaji ukawa stakabadhi. Mgeni alitaka kujua kitakachotokea, atakayewajibika mambo yakienda kombo, na ushahidi atakaobaki nao mkononi. Picha ya pochi ya ngozi isingempa hata kimoja kati ya hivyo. Ni kweli kwamba orodha ilidai mtu ajue kusoma, na asiyejua alilazimika kumtegemea mwingine katika jambo ambalo angependa liwe siri yake. Hapo picha njema ingekuwa na kazi. Lakini kazi hiyo ni ya kumsaidia mtu kutambua, na kutambua hakuhitaji mshono wa uzi kwenye ngozi.

Wapinzani wa uigaji nao walikuja na neno zito kuliko urahisi: uaminifu. Skrini ni kioo na mwanga, walisema, kwa hiyo kuivika mbao ni kusema uongo. Usemi huu unavutia hadi pale unapoulizwa ukweli wa skrini ni upi. Mwanga hauna umbile lake mwenyewe. Rangi bapa ni chaguo kama ilivyo ngozi, na haiko karibu zaidi na mikondo ya umeme iliyo chini yake. Kivuli kidogo chini ya kitufe hakimdanganyi mtu iwapo kukibonyeza kunafanya kile ambacho kitufe hufanya. Kivuli kilipoondolewa, vitufe vingi vya iOS 7 vikabaki maneno yenye rangi, na ikawa vigumu kutofautisha neno la kusomwa na neno la kubonyezwa. Machi 2014, miezi sita tu baada ya mfumo huo kutolewa, Apple iliongeza chaguo la kuwarudishia maumbo ya vitufe wale waliyoyahitaji. Uaminifu ulioanza kwa kumnyima mtu habari aliyoihitaji ulistahili jina jingine.

Lawama ya Ted Nelson ina uzito zaidi. Mmarekani huyu, aliyeipa jina katika miaka ya 1960 dhana ya matini zilizounganishwa kwa viungo, amelalamika kwa miongo mingi kwamba kompyuta ilipewa kazi ya kuiga karatasi wakati ingeweza kuyaunganisha maandishi kwa namna ambayo karatasi haiwezi. Mashambulizi dhidi ya ngozi na mbao hayakuugusa uigaji huo mkubwa. Hadi leo mwandishi hufungua ukurasa mweupe wenye pambizo na ukubwa wa karatasi ambayo huenda haitachapwa kamwe.

Kiswahili kimeingia katika mjadala huu bila kualikwa, kupitia tafsiri. Kiingereza huiita skrini ya mwanzo kwa jina la uso wa dawati. Programu zilizotafsiriwa huiita eneokazi. Watafsiri waliiondoa meza wakaibakiza kazi, na hakuna aliyeonekana kuitamani ile meza. Pengine ndio ushahidi bora kwamba meza haikuwa ya lazima. Barua pepe, kwa upande wake, ilirithi barua pamoja na bahasha yake, ingawa barua pepe ya kawaida hupita katika mashine za watu wengine bila ya kufungwa kwa gundi wala lakiri.

Bahasha hiyo ndiyo aina ya uigaji inayostahili kulaumiwa, nayo haina ngozi wala mbao. Pipa la taka likishamwagwa, yaliyofutwa katika diski nyingi hubaki palepale hadi yaandikwe juu yake mengine. Anayeuza kompyuta yake kuukuu kwa kuiamini picha ya pipa tupu huenda anauza na barua zake. Kufuli dogo lililokaa kando ya anwani za tovuti lilimaanisha tu kwamba mawasiliano yamesimbwa njiani, lakini watu walilisoma kama wasomavyo kufuli la mlangoni: hapa ni salama, mwenye nyumba ni mwaminifu. Matapeli nao waliweza kulipata kufuli hilo kwa tovuti zao. Google ilieleza kwamba katika utafiti wake wa mwaka 2021 ni asilimia 11 tu ya walioshiriki walioelewa sawasawa maana yake, na mwaka 2023 ikaliondoa katika Chrome na kuweka alama isiyoahidi kitu.

Rafu ya vitabu ina kisa chake. Kitabu kilichomo rafuni huazimwa, hurithiwa, hutolewa zawadi, wala aliyekiuza hawezi kuingia usiku kukichukua. Julai 2009 Amazon ilizifuta ndani ya vifaa vya Kindle vya wateja nakala za riwaya mbili za George Orwell, mojawapo ikiwa ni 1984, baada ya kubaini kwamba aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Fedha zilirudishwa, na Jeff Bezos aliomba radhi hadharani. Kindle haikuwa na rafu ya mbao. Rafu ilikuwa ndani ya neno "nunua", na neno hilo lilipita salama katika mapinduzi yote ya rangi bapa kwa kuwa halina kivuli wala mshono wa kukosolewa na wasanifu. Ilibidi sheria iingilie. Tangu Januari 2025, jimbo la California linamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijiti kutumia neno hilo kwa kitu ambacho mteja anapewa leseni yake tu, isipokuwa amweleze waziwazi kwamba ndivyo ilivyo.

Kinyume chake ni mlio wa kamera. Simu haina pazia la kufunguka na kufungika. Mlio wake wa "klik" ni sauti iliyorekodiwa, uigaji usio na kazi yoyote ndani ya mashine. Kwa kipimo cha uaminifu wa rangi bapa ungepaswa kwenda mahali ilipokwenda ngozi ya kalenda. Lakini kamera za zamani zilipolia, zilimwarifu pia aliyekuwa akipigwa picha, na habari hiyo hakuna aliyeiahidi kwa maandishi. Ilikuja bure pamoja na chuma na springi. Nchini Korea Kusini na Japani, kwa hofu ya wanaowapiga wengine picha kwa siri katika treni na ngazi za umeme, imekuwa desturi simu zinazouzwa humo zilie kila picha inapopigwa, hata zikiwa zimenyamazishwa. Wako wanaokereka, hasa wanaopiga picha za mtoto aliyelala. Mlio haukuwekwa kwa ajili ya mwenye simu.