Shukrani Inayotangulia: Mahafali ya Wahudumu wa Kinywa na Meno na Suala la Wema Usioonekana

Mahafali ya taaluma ya afya ya kinywa na meno, yaani sherehe ambayo chuo huwatunuku madaktari wapya wa meno pamoja na wataalamu wapya wa usafi wa kinywa, huibua swali la kimaadili lisilo jepesi: kwa haki gani jamii humpongeza na kumshukuru mtu kwa huduma ambayo kwa sehemu kubwa bado hajaitoa? Mhitimu amefaulu mitihani, na kabla ya hapo amewahudumia wagonjwa chini ya macho ya mwalimu wake, lakini siku anapovaa joho hajabeba bado dhamana ya kinywa cha mtu yeyote kwa jina lake mwenyewe. Waswahili wana tahadhari yao juu ya sifa za mapema, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Naye Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani, alisimulia jinsi Solon wa Athene alivyokataa kumwita mfalme Croesus mtu mwenye heri, kwa hoja kwamba hakuna astahiliye jina hilo kabla mwisho wake haujajulikana. Tahadhari hizo mbili zina uzito, na hakuna haja ya kuzipuuza. Hata hivyo, ziko kazi ambazo wema wake una umbile la namna ya pekee, kiasi kwamba shukrani isipotangulia haitakuja kamwe, na miongoni mwa kazi hizo utunzaji wa meno una nafasi ya mbele.

Ili hoja hiyo ieleweke, yafaa kutazama kazi yenyewe ilivyo. Juu ya jino la kila mtu, hata aliye msafi, hujijenga utando laini wa bakteria, na bakteria hao wapatapo sukari huigeuza kuwa asidi inayoyeyusha kidogo kidogo gamba gumu la nje la jino hadi tundu litokee. Utando huo ukiachwa, madini yaliyomo katika mate huugandisha ukawa ugaga, ambao mswaki hauwezi tena kuuondoa, nao hushikilia uchafu kandokando ya fizi, fizi zikavimba na kutoa damu, na hatimaye mfupa unaolishikilia jino ukalika na jino likalegea. Daktari wa meno ndiye mwenye mamlaka ya kutambua ugonjwa, kuziba tundu, kutibu mzizi na kung'oa. Mtaalamu wa usafi wa kinywa kazi yake kubwa ni kukwangua ugaga, kupaka dawa za kuimarisha jino na kumfundisha mtu namna ya kujitunza, ili daktari asije akahitajika kwa yale makubwa. Sanaa ya kukwangua ni kongwe kuliko taaluma inayoibeba leo: Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu Mwislamu wa Andalusia aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliieleza katika kitabu chake kikubwa cha tiba na kuchora vyuma vya kukwangulia, akisisitiza kwamba kila upande wa jino una chuma chake. Kilichokosekana kwa karne nyingi baada yake ni tabaka la watu ambao kukinga meno ndiyo kazi yao ya maisha.

Sasa tofauti ya kimaadili inajitokeza. Anayemng'olea mtu jino lililomkesha usiku kucha hupata shukrani papo hapo, kwa kuwa maumivu yalikuwapo na sasa hayapo, na mkono ulioyaondoa unajulikana. Anayekinga hana tukio la kuonyesha. Mtu mwenye umri wa miaka 60 anayetafuna muwa kwa meno yake mwenyewe hawezi kunyoosha kidole na kusema kwamba jino hili lingeoza mwaka fulani kama si mwanamke yule aliyemkwangua ugaga akiwa mtoto wa shule. Wala mwanamke huyo hawezi kudai hivyo, kwa sababu matokeo ya kinga hujulikana kwa kulinganisha makundi makubwa ya watu, na katika kinywa cha mtu mmoja hayana alama. Shukrani kwa kawaida humfuata mtenda mema kupitia kumbukumbu ya shida iliyoondolewa, na pale ambapo shida haikutokea kumbukumbu haina pa kushika. Mwenye meno mazima humshukuru Mungu, na hafanyi vibaya; lakini mapokeo ya Mtume Muhammad yanafundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu, na katika jambo hili watu wenyewe hawaonekani. Kwa hiyo mahafali ndiyo saa pekee ambapo wema wa kukinga una nyuso na majina, na jamii inayoitumia saa hiyo kushangilia inalipa deni ambalo baadaye haitakumbuka kuwa nalo.

Historia ya taaluma ya usafi wa kinywa inaonyesha jambo hili kwa uwazi, na inaonyesha pia jambo la pili, yaani wingi wa njia zinazowafikisha watu kwenye kazi moja. Katika mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut nchini Marekani, daktari wa meno Alfred Fones alichoshwa na kuziba matundu yale yale mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1906 akaanza kumfundisha msaidizi wake, Irene Newman, kusafisha na kung'arisha meno ya wagonjwa. Mwaka 1913 alifungua darasa katika banda la magari lililokuwa kando ya zahanati yake, akaalika wahadhiri kutoka vyuo vikuu vyenye jina kama Yale na Harvard, na mwaka 1914 likahitimu kundi la kwanza la wanawake 27. Kundi hilo halikuwa la wasichana waliotoka shule moja wakiwa na ndoto moja. Walikuwamo walimu wa shule, wauguzi waliokwisha kufuzu, wasaidizi wa zahanati za meno, na wake za madaktari wa meno, ambao bila shaka walikuwa wameisikia kazi hiyo ikizungumzwa mezani kwa miaka kabla hawajaigusa. Wengi wao waliajiriwa mara moja katika shule za mji ule wa viwanda, uliojaa watoto wa wahamiaji, kusafisha meno ya watoto na kuwafundisha usafi darasani, na Newman mwenyewe alipewa mwaka 1917 leseni ya kwanza duniani ya mtaalamu wa usafi wa kinywa. Watoto wale walikua, wakazeeka, wakafa, na pengine ni wachache mno kati yao waliowahi kujua jina la yeyote kati ya wanawake 27.

Wingi huu wa njia huelezwaje? Jibu lililozoeleka, hasa katika mafundisho ya Kikristo tangu Martin Luther katika karne ya 16, ni dhana ya wito: kwamba Mungu humwita kila mtu kwenye kazi yake, na kwamba kazi ya mshona viatu au mkunga ni utumishi kwa Mungu sawasawa na kazi ya mtawa. Mafundisho hayo yaliinua heshima ya kazi za mikono, na kazi ya meno ni ya mikono kuliko tiba nyingine nyingi. Lakini wito, kama unavyofahamika kwa kawaida, huanzia ndani ya mtu na humtaka aweze kueleza ni lini na jinsi gani aliitwa; na wahitimu wengi, wakiulizwa kwa unyofu, hawana habari ya namna hiyo. Mmoja alikosa alama za udaktari wa jumla, mwingine alifuata ufadhili uliopatikana, wa tatu alikuwa muuguzi aliyechoka na zamu za usiku. Je, hao hawakuitwa?

Fikra ya Kiislamu ina dhana nyingine ambayo kwa swali hili inafaa zaidi. Wanazuoni hugawa faradhi mafungu mawili: faradhi ya aini, ambayo kila mtu hudaiwa kwa nafsi yake, kama sala tano, na faradhi ya kifaya, ambayo hudaiwa jamii nzima, na wakitokea wa kutosha kuitekeleza wengine husamehewa, ila asipotokea yeyote wote hupata dhambi. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuweka utabibu katika fungu hilo la pili, akasikitika kwamba miji mingi ya zama zake ilikuwa na vijana wakimiminika kwenye elimu ya sheria, iliyokuwa na njia ya vyeo, huku tabibu Mwislamu hapatikani. Katika dhana hii mwanzo wa jambo ni uhitaji wa mji. Moyo wa mtu mmoja hauulizwi kwanza. Na kwa kuwa deni liko shingoni mwa wote, yeyote kutoka popote anaweza kujitokeza kulilipa, na sababu iliyomleta, iwe shauku ya utotoni, iwe ufadhili, iwe mlango mwingine uliofungwa, haipunguzi thamani ya malipo. Kwa mtazamo huu njia mbalimbali za wahitimu ni jambo la kutarajiwa kabisa, na furaha ya ndugu ukumbini ina maana nzito kuliko fahari ya ukoo: ni furaha ya watu waliotuliwa mzigo.

Tena ziko njia ambazo jamii yenyewe iliziziba, na hapo deni huwa la pande mbili. Lucy Hobbs alikuwa mwalimu wa shule nchini Marekani. Alikataliwa na chuo cha meno mjini Cincinnati kwa sababu ni mwanamke, akajifunza kwa madaktari waliokubali kumfundisha, akafungua zahanati yake mwenyewe, na ni baada ya chama cha madaktari wa meno wa Iowa kumpokea mwaka 1865 ndipo chuo kile kile kilipomfungulia mlango, naye akahitimu mwaka 1866, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa meno. Baadaye alimfundisha mumewe kazi hiyo. Robert Tanner Freeman, mwana wa wazazi waliokuwa wametoka utumwani, alijifunza kwa daktari mmoja wa Washington, akakataliwa na vyuo kwa sababu ya rangi yake, hatimaye akahitimu Harvard mwaka 1869, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada hiyo. Alirudi Washington kutibu watu, na mwaka 1873 akafariki akiwa bado kijana. Mtu ashikaye hoja ya Solon kikamilifu atasema kwamba sifa za Freeman zingesubiri hadi kazi yake ipimwe. Lakini kazi ile ilidumu miaka minne tu, na kama sherehe ingesubiri mizani ya wingi wa huduma, ingemkosa mtu ambaye kuhitimu kwake peke yake kulikuwa ni huduma kwa kila mtoto mweusi aliyekuja kuvaa joho hilo baada yake.

Njia aliyopita mhitimu pia ni elimu, na kwa Afrika Mashariki hili si jambo la nadharia. Katika sehemu za Tanzania, tangu miaka ya 1980, umeenea usadikifu kwamba mtoto mchanga mwenye homa na kuhara ana "meno ya plastiki", na waganga wa jadi huyachimbua kutoka kwenye fizi kwa vyuma visivyo safi, ilhali kinachotolewa ni chipukizi la jino la kweli, na mtoto anaweza kufa kwa damu au kwa maambukizi. Bibi anayempeleka mjukuu kwa mganga anampenda mjukuu huyo, na hageuzwi na kemeo la mgeni; husikiliza, kama atasikiliza, mtu aliyelelewa katika nyumba kama yake na anayejua kwamba hofu yake ni ya haki hata kama tiba yake ina madhara. Vivyo hivyo, katika maeneo ya Arusha ambako maji ya chini ya ardhi yana floraidi nyingi kupita kiasi, watu hukua na meno ya rangi ya kahawia, na mhitimu aliyeficha tabasamu lake utotoni anajua kuhusu ugonjwa huo jambo ambalo halimo katika mtihani wowote. Chuo kinachopokea wanafunzi wa aina moja kinapunguza elimu ya taaluma yenyewe.

Tahadhari ya mgema haijajibiwa bado kikamilifu. Sifa zaweza kulewesha, na mhitimu anayeamini kwamba tayari amefika atapunguza uangalifu, naye akipunguza uangalifu watakaoumia ni wagonjwa. Lakini sifa ya mgema ni ya biashara, humtoka mnywaji bila kumfunga mgema kwa lolote, ilhali shangwe za mahafali huambatana na kiapo, na anayeshukuriwa kabla ya kutenda hujikuta amepokea amana ambayo lazima airudishe kwa kazi. Mapokeo yanasimulia kwamba Mtume aliacha kuufanya mswaki kuwa wajibu kabla ya kila sala kwa kuchelea kuwatia watu uzito tu. Mapokeo yanayoupa usafi wa kinywa daraja hilo hayamwachii mwenye taaluma yake nafasi ya kuuona kama kazi ndogo.

Limebaki suala la umbali. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba karibu watu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na katika nchi nyingi wahudumu hujikusanya mijini. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya pwani ya Afrika Mashariki, walipojadili kuwapo kwa mufti, ambako nako ni faradhi ya kifaya, hawakutosheka na hesabu ya mamufti wa nchi nzima. Walitaka apatikane mmoja ndani ya kila umbali unaomruhusu msafiri kufupisha sala, kwa kuwa faradhi haiondoki shingoni mwa watu wa mahali ambapo msaada haufiki. Kipimo hicho kikitumika kwa meno, jamii inayoshangilia wahitimu wake mjini inabaki inadaiwa kiti cha tiba, vyuma, maji safi na mshahara katika kila wilaya ambayo mtu mwenye jino linalouma hulazimika kulala njiani kabla ya kumfikia wa kumtibu.