Malafu tamu, malafu kali: nani ana haki?

Ukiuliza watu wa Salamabila malafu gani ndiyo malafu ya kweli, ubishi utaanza kabla kopo halijajaa. Wengine watasema ni yale ya asubuhi, matamu, meupe kama maziwa. Wengine watacheka: ayo ni ya watoto! Malafu ni yale ya jioni, yanayouma ulimi. Tena kuna wasioyataka mpaka yatiwe ganda la mti, yapate uchungu.

Lakini tuangalie vizuri. Yote ni maji ya ngazi. Yakitoka mtini yana sukari. Chachu inayaingia palepale, kwa saa chache yanakuwa pombe, na siku zikipita yanageuka siki. Basi mpenda tamu na mpenda kali wanapenda saa mbili za kitu kimoja. Hapo hakuna mwenye kosa. Ulimi wa mtu ni wake.

Je, ndiyo kusema kila kitu ni sawa? Hapana. Wenzetu wa pwani husema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Malafu yaliyotiwa maji hayatetewi na mtu kwamba ni ladha yake. Huo ni udanganyifu, na hata asiyekunywa anaweza kuuhukumu.

Vilevile namna ya kugema. Kuna mgema anayepanda na kamba, mti unabaki hai. Kuna anayeuangusha: unatoa malafu kwa majuma machache, halafu basi. Mtu akituambia malafu ya mti ulioanguka ni mazuri zaidi, tutamwachia ladha yake. Lakini mti ule ungewapa watoto mawese miaka mingi. Hapo swali limetoka kwenye ulimi, limeingia kwenye haki.

Na jirani Mwislamu je? Tangu siku za Tippu Tip, katika karne ya 19, dini hiyo imekaa Kasongo na kandokando yake. Kumwambia «onja tu kidogo» si ukarimu, ni dharau.

Sisi tunaona desturi ya wazee imekwisha kujibu. Mwenye malafu hunywa wa kwanza mbele ya wageni, waone kwamba hamna sumu. Hawaulizi kwanza kama ni matamu ao makali. Wanauliza kama mwenye kuyaleta ni mtu wa kuaminiwa. Kiisha hapo, kila mtu na ulimi wake.