Je, Jiko la Jjajja ni Sehemu ya Nyumba?

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, tulipewa kifungu cha Kanuni ya Adhabu ya Uganda kinachoeleza maana ya nyumba ya makazi. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Nani asiyejua nyumba ni nini?

Mwanzo wake haukunisumbua. Nyumba ya makazi ni jengo, au sehemu ya jengo, ambalo kwa wakati huo mwenyewe au mkaaji amelitenga akae humo yeye, familia yake au watumishi wake, hata kama pengine halina mtu ndani. Maneno "sehemu ya jengo" yalinifurahisha, kwa kuwa ninapanga chumba kimoja tu, kile ambacho Kampala tunakiita muzigo. Kumbe nami nina nyumba mbele ya sheria!

Sentensi ya pili ndiyo iliyonikwamisha. Jengo lililo kando ya nyumba na linalotumiwa pamoja nayo huhesabiwa kuwa sehemu ya nyumba ikiwa tu yameungana moja kwa moja, au kwa ujia ulioezekwa na kuzibwa. Vinginevyo, hapana. Nililiona mara moja jiko la jjajja yangu kule Masaka.

Jiko hilo, kiyungu kwa Kiganda, liko ng'ambo ya ua, hatua kama kumi na tano kutoka mlango wa nyumba. Jjajja hushinda humo tangu alfajiri. Humo hupokea majirani, humo alijifungua watoto wake wawili, na humo huweka mbegu zake juu ya moshi ili zisiliwe na wadudu. Katika nyumba kubwa hulala tu, na kuwakalisha wageni wenye viatu.

Nilipokuwa na miaka 13, usiku mmoja mtu alitoboa ukuta wa jiko akachukua sufuria mbili, jembe na gunia la maharagwe ya mbegu. Askari alikuja asubuhi, kijana mpole. Akauliza, "Jjajja, waliingia ndani ya nyumba?" Akajibiwa, "Waliingia nyumbani kwangu nikiwa nimelala." Askari akatazama jiko, akatazama nyumba, akaandika kwamba nyumba haikuguswa. Jjajja aliniomba nimsomee karatasi. Niliposoma, alikataa kuweka dole gumba.

Kwa miaka mingi nilimlaumu yule kijana. Sasa naona kwamba aliandika kile ambacho sheria ingemwambia aandike. Wala mwizi wa jikoni haachiwi huru, kwani kuna kifungu kingine kwa majengo yaliyo karibu na nyumba yasiyo sehemu yake. Lakini kuvunja nyumba ya makazi usiku kuna uzito wa pekee katika sheria, na nadhani sababu si mali. Ni hofu ya mtu aliyelala akiamini kwamba yuko salama. Je, hofu ya jjajja ilipungua kwa sababu ya zile hatua kumi na tano? Kwa miezi kadhaa alilala na panga chini ya kitanda.

Nilitafuta asili ya ujia huo. Zamani, katika sheria ya Kiingereza, zizi na ghala vilivyokuwa ndani ya ua wa nyumba vilihesabiwa kuwa sehemu ya nyumba. Mwaka 1827 Bunge la Uingereza likaweka sharti la kuungana. Wakati huo aliyevunja nyumba usiku aliweza kunyongwa, hivyo kila jengo lililotolewa katika maana ya nyumba liliokoa shingo. Maneno hayo yakaingia katika kanuni ya Queensland, Australia, mwaka 1899, na baadaye katika kanuni za Uganda, Kenya na Tanganyika. Yaani sheria ya zamani, ile iliyoachwa, ndiyo ingemwelewa jjajja. Hata Kiswahili kina uani, na mpishi aliyeko uani hatusemi ametoka nyumbani.

Rafiki yangu anayesoma sheria hakubali. Anasema sheria ya jinai lazima iwe na mipaka myembamba, mtu asiadhibiwe kwa hisia za mwenye nyumba. Katika hilo namuunga mkono. Ninachopinga ni mahali mpaka ulipopitishwa. Paa la ujia linaonyesha jinsi fundi alivyojenga, halionyeshi watu wanavyoishi. Mahakama ingeweza kuuliza jengo linatumiwaje, swali ambalo jirani yeyote angelijibu kwa ushahidi.

Katika tafsiri yangu niliandika "nyumba ya makazi", kwa sababu mfasiri hana ruhusa ya kurekebisha sheria. Mwalimu alinipa alama nzuri.

Mwaka jana mjomba alimjengea jjajja nyumba ya matofali yenye jiko ndani, karibu na chumba cha kulala. Jjajja alishukuru sana. Ameweka humo baiskeli na madebe, na bado anapika ng'ambo ya ua.