Ghorofa ya Nne

Ng'ombe wa mwisho wa boma lile la Mutuini, Dagoretti, aliuzwa kwa wachinjaji ili mchanga wa ujenzi upate pa kumwagwa. Mzee mwenyewe ndiye aliyemshika kamba hadi langoni. Kisa hiki nimekitunga, na hakuna anayeweza kusema ni chake peke yake, lakini vipande vyake vyote vinajulikana kuanzia Riruta hadi Waithaka. Nakisimulia kwa ajili ya familia ambazo wiki hii zimeketi na fundi kupanga ramani ya flati.

Mzee alizaliwa miaka michache kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa mwaka 1952. Wakati huo Dagoretti ilikuwa Kiambu, nchi ya viazi, mahindi na migomba, na Nairobi ilikuwa mahali ambapo wanaume walienda kutafuta kazi kisha wakarudi kwao. Halafu serikali ya kikoloni ikawakusanya watu katika vijiji vya lazima, ikaunganisha vipande vya mashamba yao na kuanza kutoa hati kwa mwenye shamba mmoja mmoja, kwa mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ikapanuliwa. Watu wa Dagoretti wakajikuta mjini bila kuhama hatua moja, tena na hati zao mkononi.

Hapo ndipo Dagoretti inapotofautiana na Kibera, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali. Huku mji ulijengwa na familia, kila moja katika shamba lake, leo vyumba vitatu vya mabati, mwakani vingine vitano. Hakukuwa na mtu wa kuuliza maji taka yatapita wapi, wala watoto watacheza wapi, kwa sababu kila uamuzi ulifanywa mezani kwa mtu na nduguze. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu watu 509,286 Nairobi nzima. Ile ya 2019 ilihesabu 4,397,073, na kati yao 434,208 walikuwa Dagoretti. Mwenye kutaka kuelewa jinsi mji unavyokua asiishie kwenye ofisi za kaunti. Asikilize vikao vya familia.

Shamba la baba yake mzee liligawanywa kwa wana, na fungu la mzee nalo likagawanywa. Kufikia miaka ya tisini alibaki na eka robo: nyumba yake, kibanda cha ng'ombe, na vyumba kumi vya mabati vya kupangisha. Wapangaji wengi walitoka Magharibi mwa Kenya. Mmoja wao alikuwa mama kutoka Vihiga aliyefika mwaka 2009. Vihiga ilihesabiwa kuwa na watu 590,013 mwaka 2019, zaidi ya elfu moja katika kila kilomita ya mraba, na wengi wao wanategemea kulima. Shamba la kwao lilikuwa limekatwa mara nyingi hata halikutosha mboga za mwaka. Aliwaacha watoto wawili kwa mama yake mzazi akaja Nairobi kutafuta vibarua vya kufua huko Lavington na Kileleshwa, akatuma kila alichopata.

Nataka msomaji aitazame vizuri ile eka robo kabla haijabomolewa, maana kilichopotea hapo hakikuwa kwenye ramani yoyote. Saa kumi na moja na nusu alfajiri mzee alikuwa amekwisha kukamua. Majirani walifika na chupa na vibuyu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na neno lake la salamu. Asubuhi moja mzee asingetoka, watu wanane wangesimama mlangoni wakiita kabla ya jua kuchomoza. Mwisho wa mwezi wapangaji walileta kodi mkononi, akaandika katika daftari lenye jalada jeusi, na kila aliyelipa alikaa kidogo: huyu anaeleza kwa nini amechelewa, yule anaomba bati libadilishwe. Mwaka 2020, Korona ilipozifunga nyumba za Lavington na vibarua vikakauka, mama wa Vihiga alikuja na mikono mitupu. Mzee akafunga daftari. "Mwanangu, kula kwanza," akamwambia, na miezi mitatu ile hakuiandika kabisa.

Mzee alikuwa na watoto sita, jambo la kawaida kwa kizazi chake. Mwishoni mwa miaka ya sabini mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto wanane hivi maishani mwake, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watatu hadi wanne. Watoto hao sita walitawanyika. Kitinda mimba, binti, alisomea kuhudumia wagonjwa. Februari 2022 Uingereza ilipoanza kuwapa wahudumu wa wazee viza ya kazi za afya, akapata nafasi katika nyumba ya wazee mjini Leeds. Uingereza inazeeka. Katika sensa ya mwaka 2021, karibu mtu mmoja kati ya watano wa England na Wales alikuwa na miaka 65 au zaidi, na watoto wa wazee hao wako kazini au wako mbali. Kwa hiyo binti wa Mutuini ndiye anayemwogesha mzee wa Leeds, anayemkata kucha, anayejua dawa zake za usiku.

Pesa za binti zikaja nyumbani. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma karibu dola bilioni tano, na si ajabu sehemu yake kugeuka matofali. Kaka zake wakakopa nyongeza kwenye chama cha akiba. Kikao kikafanyika kwa WhatsApp, mzee akiwa ameketi katikati, simu imeegemezwa kwenye kikombe. Walijadili idadi ya ghorofa, bedsita ngapi kila ghorofa, kodi ya kila moja, na deni litaisha lini. Ikaulizwa baba atakaa wapi. Kaka mkubwa akasema vyumba vya chini vitakuwa maduka, kwa kuwa duka la barabarani linalipa karibu mara mbili ya chumba cha kulala, na baba atapewa nyumba nzuri ya vyumba viwili huko juu, ghorofa ya nne, penye hewa na utulivu. Hakuna aliyepinga. Mzee alinyamaza, wakachukua kimya chake kuwa ridhaa, ingawa hati ya shamba lile ilikuwa na jina lake na bado inalo.

Hawakuwa watoto wabaya, na hilo ndilo linaloniuma. Binti alikuwa akilala saa tano kwa siku ili baba yake aishi penye vigae. Kila mmoja wao alitoa pesa bila kusukumwa. Lakini katika kikao kizima hawakuuliza ni nani atakayemwona baba asubuhi, kwa sababu swali hilo halikuwahi kuhitaji kuulizwa. Lilikuwa likijibiwa na ng'ombe na daftari.

Vyumba kumi vikabomolewa, wapangaji wakatawanyika. Mama wa Vihiga alipata chumba Gatina. Jengo likapanda, lifti hakuna, na wapangaji wapya wakaingia, vijana wanaotoka alfajiri na kurudi usiku. Kodi ikalipwa kwa M-Pesa moja kwa moja hadi kwa kaka mkubwa. Mzee akawa hana cha kukamua wala cha kuandika. Goti lilianza kumkataza ngazi, akawa anashuka mara moja kwa wiki kwenda kanisani, kisha mara moja kwa mwezi. Wengi waliomo ndani hawakujua kwamba yeye ndiye mwenye ploti.

Jumamosi moja jioni aliteleza bafuni. Simu ilikuwa kitandani ikichajiwa. Iliita mara kadhaa. Alikuwa binti, akipiga wakati wa mapumziko ya zamu yake, akadhani baba amelala mapema. Vijana wa ghorofa ile walikuwa na muziki. Alilala pale kwenye vigae usiku kucha hadi Jumapili mchana, mama wa Vihiga alipopanda kumletea mrenda, jinsi alivyozoea kufanya tangu mwaka wa Korona. Alibisha, akasikia sauti ndogo, akawaita vijana wavunje kufuli.

Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Alipasuliwa hospitalini Kikuyu, akatolewa baada ya majuma kadhaa, lakini ghorofa ya nne haikuwezekana tena. Mwenye shamba akahamia sebuleni kwa mtoto wake aliyepanga nyumba Kinoo. Sensa ya 2019 ilikuta Wakenya milioni 2.7 wenye miaka 60 au zaidi. Mpango wa serikali wa Inua Jamii huwapa waliofika 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, na kifungu cha 57 cha Katiba kinasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia yake na ya Serikali. Shilingi 2,000 hazimgeuzi mgonjwa kitandani. Na familia isiyopanga matunzo mapema huyanunua baadaye kwa bei ya dharura: mhudumu wa mchana, mhudumu wa usiku, teksi za kliniki. Kodi ya yale maduka ikaenda huko.

Mkataba wa duka la simu ulipoisha, ndugu wakakubaliana kumrudisha baba kwenye chumba kile cha chini. Wakamwita mama wa Vihiga, wakamwomba aache kufua, awe wa kumtunza, kwa mshahara. Akashukuru, kisha akasema ana ombi. Watoto aliowaacha kijijini wamekwisha kuwa wakubwa na wameondoka, mmoja yuko Eldoret, mwingine Kawangware. Mama yake, mwenye miaka 74, amebaki peke yake Vihiga na miguu imeanza kuvimba. Alitaka chumba cha pili cha chini, kilicho duka la mitumba, ili amlete. Hawezi, alisema, kumlisha baba wa watu kila siku na kumlisha mama yake kwa simu.

Kaka mkubwa alifungua kikokotoo kwenye simu yake, akaanza kupiga hesabu ya kodi ya duka lile kwa mwaka.

"Hati ya shamba hili ina jina la nani?" mzee akauliza kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu. Lilikuwa neno lake la kwanza katika kikao chochote tangu jengo lianze. Hakujibiwa. Akamgeukia mama wa Vihiga, akamuuliza mama yake hupenda kufuga nini.