Mvua Haileti Ufa, Huuonyesha
Andiko la kusoma nyumbani: Yoshua 7

Wengi mliomba mahubiri ya Jumapili yaandikwe, hasa ule mfano wa gari uliowaamsha vijana wa viti vya nyuma. Haya, nimeyaandika. Soma pole pole, na Biblia yako ikiwa wazi.

Mvua ndefu zikianza mwezi wa Machi, kuna watu katika ushirika huu ambao hukosa amani, na si kwa ajili ya nguo zilizoanikwa. Ni wale wenye Subaru Impreza WRX. Mnaijua: ile yenye tundu juu ya boneti, na mngurumo unaofika getini kabla ya mwenyewe. Gari hilo lina historia hapa kwetu. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka wa 1997, naye Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka wa 2000. Kwa hivyo kijana wetu akishika usukani kwenda dukani kununua maziwa, moyoni yuko Safari.

Lakini lipitishe gari hilo kwenye mvua ya saa moja. Ukikanyaga mafuta linakohoa na kushtuka-shtuka. Taa ya injini inawaka. Usukani unatetemeka. Mvuke unatoka kwenye boneti. Kesho yake jua likitoka, gari limepona! Fundi analizungusha mtaani, anarudi na kusema, "Bosi, hii gari haina kitu." Jioni mvua inarudi, na ugonjwa umerudi nayo.

Wacha nikuambie neno moja ulishike wiki hii: mvua haileti ufa, huuonyesha. Na ufa ukishaonekana, hutafutwa kwa utaratibu. Haubahatishwi.

1. Si kila dalili ni ugonjwa

Tuanze na habari njema. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi, na hupata joto kali sana. Kwenye WRX, ile rejeta ndogo ya kupoza hewa ya tabo imelala juu ya injini, chini kabisa ya lile tundu la boneti. Maji ya mvua huingia hapo na kudondokea vyuma vya moto. Ukisimama kwenye foleni, mvuke unapanda. Ukiisha baada ya dakika chache, maji ya rejeta hayapungui, na mshale wa joto haupandi, hapo hakuna ugonjwa. Ni maji tu yanakauka.

Diski za breki zikiwa na kutu nyepesi asubuhi baada ya mvua, breki chache za kwanza zitaifuta. Usukani ukitetemeka baada ya njia ya matope, chungulia ndani ya rimu kabla ya kwenda kununua vipuri. Tope likigandia upande mmoja, gurudumu linakosa usawa. Dawa yake ni ndoo ya maji na brashi.

Hata moshi mweupe wa asubuhi ya baridi mara nyingi ni unyevu tu wa ekzosi. Ila ukiendelea hata injini ikiwa moto, una harufu tamu, na maji ya rejeta yanapungua, hapo usijifariji. Huenda gasketi imeachia.

Mpendwa, mtu wa Mungu hupambanua. Kuna ndugu akiamka amechoka anakemea pepo, kumbe amelala saa nne kila usiku wiki nzima. Mwingine amekuwa akilia usiku kwa miezi mitatu na anasema ni uchovu tu. Wa kwanza anahitaji usingizi. Wa pili anahitaji mtu wa kuketi naye, na pengine daktari. Ukichanganya dalili hizo mbili, utamtwika mmoja mzigo usio wake na kumwacha mwingine azame.

2. Mzigo ndio unaosema ukweli

Sasa tuje kwenye ule mshtuko. Injini ya WRX ina silinda nne, na kila silinda ina plagi yake inayotoa cheche. Umeme wa ile cheche unatoka kwenye koili. Tabo inaposukuma hewa kwa nguvu, cheche inapata kazi ngumu zaidi kuruka katikati ya hewa iliyobanwa, kwa hivyo inahitaji umeme mkali zaidi. Koili yenye ufa mdogo inaweza kuvumilia gari likitembea pole. Lakini weka unyevu kwenye ule ufa, kisha upandishe gari kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru likiwa na watu watano. Umeme utatafuta njia ya mkato kupitia kwenye maji hadi kwenye chuma, silinda itakosa cheche, na injini itamisi.

Je, mvua ilipasua koili? Hapana. Mlima je? Hapana. Ufa ulikuwepo tangu kiangazi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Israeli. Yeriko yenye kuta ilianguka. Wakafika Ai, mji mdogo, wapelelezi wakasema jeshi zima lisisumbuliwe. Wakapanda watu kama 3,000, wakakimbizwa, na 36 wakauawa. Ai haikuwa na nguvu kuliko Yeriko. Tatizo lilikuwa limezikwa chini ya hema ya Akani: vazi zuri la kigeni, shekeli 200 za fedha, na kipande cha dhahabu cha shekeli 50. Ai ilikuwa mvua tu. Ilionyesha kilichokuwa kimefichwa.

Kuna nyumba zinazotembea vizuri kuanzia Februari hadi Novemba. Januari ikifika, karo ya watoto watatu kwa mpigo, baba anaanza kufoka na mama ananyamaza wiki mbili. Karo ikilipwa wanasema, "Tuko sawa sasa." Hamko sawa, wapendwa. Mmekauka tu.

3. Usifute taa kabla ya kuisoma

Taa ya injini ikiwaka, kompyuta ya gari imeandika ujumbe. Fundi akichomeka mashine anaweza kusoma P0302, maana yake silinda ya pili inamisi. Akisoma P0300, kumisi huko kunahama-hama. Na taa ikiwa inapepesa badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na utafute mahali salama pa kusimama. Mafuta yasiyoungua yanaingia kwenye ekzosi na yanaweza kuharibu kichujio cha moshi, ambacho ni ghali kuliko koili.

Lakini watu hufanya nini? Wanachomoa betri, au wanamlipa mtu afute ule ujumbe. Taa inazima. Ushahidi umepotea, ufa umebaki.

Mwaka huu ndugu wawili wa kanisa hili walikaa ofisini kwangu bila kuangaliana. Wameniruhusu niwasimulie bila majina. Mmoja alimwuzia mwenzake WRX mwezi wa Januari, jua likiwa kali. Aprili gari likaanza kukohoa. Mnunuzi akasema ametapeliwa na ndugu aliyekuwa akishiriki naye meza ya Bwana. Muuzaji akasema, "Mimi nilikupa gari zima, muulize Mungu." Walikuwa wameacha kusalimiana, na wake zao wakahamia safu tofauti kanisani.

Nikamuuliza muuzaji swali moja: mvua za Novemba, ile taa iliwaka? Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema iliwaka mara mbili, akaifuta, na kwa sababu haikurudi, akajiambia imeisha. Hakuwa amesema uongo kwa kinywa. Alikuwa amefuta ukweli, halafu akauza ukimya wake.

Siku hiyo walikwenda kwa fundi pamoja. Ufa ulikuwa kwenye koili moja. Muuzaji akalipia koili, plagi nne na kazi ya fundi, akaomba msamaha. Bei ya koili moja ilikuwa karibu ivunje ushirika wa miaka tisa.

Ukiuza gari, shamba au simu, sema kilichowahi kuonekana wakati wa mvua, hata kama leo kuna jua. Biashara ya mtu aliyeokoka ianzie hapo.

4. Tafuta hatua kwa hatua

Mle darasani tulipokuwa tukisomea biashara tulifundishwa kuhesabu gharama ya kukisia. Mtu anasikia gari linakohoa, anakwenda Grogan na kununua koili nne, plagi nne, sensa ya hewa na pampu ya mafuta. Anabadilisha vyote siku moja. Gari likipona, hajui ni kipi kilichoponya. Lisipopona, amemaliza mtaji.

Fundi mwenye hekima hafanyi hivyo. Anauliza kwanza: ilianza lini? Baada ya mvua, au baada ya kuoshewa injini kwa presha? Likisimama au likipanda mlima? Kisha anaondoa koili ya silinda ya pili na kuibadilisha na ya nne. Hitilafu ikihama hadi ya nne, koili ndiyo mbaya. Ikibaki palepale, anatazama plagi, halafu waya, nozeli ya mafuta na mgandamizo wa silinda. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Na gari likiwa kavu na halionyeshi kitu, ananyunyiza maji kidogo kidogo, sehemu moja baada ya nyingine, hadi ugonjwa ujitokeze. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua umeme. Wewe usiguse koili injini ikiwa inanguruma.

Sasa soma tena Yoshua 7. Yoshua alikuwa kifudifudi hadi jioni, akiomboleza. Mungu akamwambia ainuke. Kulikuwa na kazi ya kufanya! Wakaletwa kabila kwa kabila, akatwaliwa Yuda. Kisha ukoo, wa Wazera. Kisha nyumba, ya Zabdi. Kisha mtu, Akani. Mungu aliyejua jina tangu mwanzo aliwapitisha watu katika uchunguzi wa hatua kwa hatua. Na Yoshua alipozungumza na Akani, alimwita mwanangu. Uchunguzi wa kweli hauhitaji matusi.

Mwisho wa Akani ulikuwa mzito. Sisi tumepewa damu ya Yesu inayosafisha, lakini neema haifuti taa. Inatupa ujasiri wa kuisoma.

5. Likizima majini, usiwashe tena

Hili ni la uhai. Vijana wengi huondoa sanduku la chujio la hewa na kuweka chujio la wazi, lingine likiwa chini karibu na bampa. Gari likiingia kwenye maji mengi, injini inavuta maji badala ya hewa. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Pistoni ikikutana nayo, konrodi inapinda. Kwa hivyo gari likizima majini, acha ufunguo. Livutwe hadi pakavu, plagi zitolewe, maji yatoke kwanza. Na maji yakiwa yanakimbia juu ya barabara, usivuke kabisa. Rudi. Afadhali ulale njiani.

Vivyo hivyo usifanye maamuzi makubwa ukiwa katikati ya mafuriko. Usiandike barua ya kuacha kazi usiku wa hasira. Usimfukuze mke kwa neno la saa sita usiku. Ita mtu akuvute hadi pakavu kwanza.

Wiki hii

Ketini nyumbani mjiulize: msiba, deni au ugonjwa wa mwisho ulionyesha nini kwetu? Tulikisoma au tulikifuta? Andikeni jambo moja, moja tu, na mlishughulikie kabla mvua nyingine haijaja. Kama kuna ndugu uliyemwuzia kitu ukanyamaza, mpigie simu leo.

Tuombe: Baba, asante kwa mvua zilizotuonyesha tulivyo. Tupe macho ya kupambanua, ulimi wa kusema kweli, na subira ya kutafuta hadi tupate. Kilichozikwa chini ya hema zetu, kitoe kwa mkono wako wa upole. Katika jina la Yesu, amina.