Ulizeni Ardhi Kwanza

Ndugu zangu, mnamkumbuka Isaka. Visima alivyochimba baba yake Abrahamu, Wafilisti walivifukia kwa udongo, naye akavichimbua upya. Kisima kilichofukiwa kina dawa, nayo ni jembe. Lakini kisima kilichoingiwa na majimaji ya jaa la taka, jembe halikiponyi! Amonia na madini ya risasi yakishazama katika maji ya ardhini, mjukuu atakunywa alichomwaga babu.

Nawaonya kwa sababu miji yetu imefurika taka, na kila tunapotafuta pa kuzitupa, macho hukimbilia machimbo ya mawe yaliyoachwa. Shimo lipo, tujaze! Hapana, ndugu zangu. Aliyechimba mawe ameondoa udongo uliokuwa ngao ya maji, akauacha wazi mwamba wenye nyufa. Dandora kule Nairobi ilianza kupokea taka mwaka 1975 katika machimbo kando ya mto. Mwaka 2001 ikatangazwa kuwa imejaa, na malori hayakukoma. Huku pwani hatari ni kubwa zaidi: jiwe la matumbawe limejaa mianya na mapango, uchafu hupenya upesi bila kuchujwa, na Unguja maji mengi ya kunywa hutoka chini ya jiwe hilo hilo.

Basi ulizeni ardhi kabla ya kuibebesha! Mashimo ya uchunguzi yachimbwe, tabaka zisomwe moja moja: wapi mfinyanzi, wapi mchanga, wapi mwamba uliopasuka. Kina cha maji kipimwe masika yanapokwisha, maji yakiwa yamepanda. Anayepima kiangazi peke yake anajidanganya. Visima vya kupimia visipungue vitatu, wala visipangwe mstari mmoja, maana viwili haviwezi kuonyesha maji yanaelekea wapi. Maji ya ardhini hayajui mpaka wa kata. Jueni yanakokwenda, mjue ni kisima cha nani kitakachotangulia kuugua.

Marekani, sheria ya majaa ya miji hudai chini ya plastiki inayotandikwa sakafuni mwa jaa kuwe na sentimita 60 za mfinyanzi ulioshindiliwa, mzito kiasi kwamba maji hushuka humo takriban sentimita 3 tu kwa mwaka. Tena maji ya ardhini huendelea kupimwa miaka 30 baada ya jaa kufungwa. Miaka thelathini! Nasi tunachagua mahali kwa asubuhi moja?

Wala msidhani hatari ya jaa ni ya visima tu. Agosti 2024, mvua kubwa zikiwa zimenyesha, mlima wa taka wa Kiteezi, Kampala, uliporomoka ukafukia nyumba na wenyewe ndani. Waliokufa walizidi 30. Maji yaliyolowesha taka hayakungoja kikao.

Mhandisi, usitie sahihi juu ya ardhi ambayo hujaitoboa. Diwani, usiinue mkono kabla hujaoneshwa ramani ya mwelekeo wa maji. Nanyi wananchi, mkiitwa kutoa maoni, nendeni! Ulizeni: maji yako mita ngapi chini? Yanaelekea wapi? Nani atayapima jaa likishafungwa? Wasipojibu yote matatu, kataeni, kataeni kwa sauti moja, wala msiondoke kikaoni mpaka kukataa kwenu kumeandikwa.